Mfuko Mmoja hadi Namugongo

Kila mwaka, Pasaka inapopita na mwezi wa Mama Maria unapoanza, katika parokia zetu za Butembo na Beni huanza maandalizi ya hija ya Namugongo, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Mimi ni mwalimu wa dini, na mtu angedhani kwamba vijana huja kwangu kuuliza habari za Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake 21, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Wapo wanaouliza hayo. Lakini wengi, hasa waliofunga ndoa karibuni, huja na swali la mfuko. Mtu achukue nini? Na akiwa na mtoto mdogo, afanyeje? Swali hilo silidharau hata kidogo. Mwaka 2025 tulikwenda huko tukiwa na mjukuu wetu wa miaka 2 na miezi 4, pamoja na mama yake na nyanya yake, na tangu turudi tumeulizwa mara nyingi tuliwezaje.

Anayetaka kujua uzito wa mfuko asiupime nyumbani, aufuate njiani. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilometa 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni kilometa zipatazo 80. Kwenye vizuizi abiria hushuka, hutembea kwa miguu, huonyesha kadi zao, kisha hupanda tena upande wa pili. Kasindi-Lubiriha kila mtu hushuka na vitu vyake vyote. Hapo kuna meza ya uhamiaji, meza ya forodha, na ndoo za kunawia mikono ambazo tulizizoea wakati wa Ebola, ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Ukivuka daraja la mto Lubiriha umefika Mpondwe, na mambo yote hayo huanza upya kwa upande wa Uganda. Saa nayo huruka: kwetu ikiwa saa nne, kwao ni saa tano. Magari hupita kushoto. Lugha peke yake haibadiliki, maana Wakonzo wa Bwera na Kasese husema maneno ambayo mtu wa Butembo huyaelewa bila mkalimani. Mama mmoja muuza ndizi alimwita mjukuu wetu kwa maneno ya nyumbani, na mtoto akamwendea kama mtu aliyemjua tangu kuzaliwa. Kisha zinabaki kilometa zaidi ya 400. Ukipitia Mbarara utavuka ikweta mara mbili kabla ya kufika Kampala, jambo linalomfurahisha mwalimu wa jiografia kuliko mtoto mwenye usingizi.

Nilihesabu. Tangu mlangoni petu hadi Namugongo, mfuko uliinuliwa na kushushwa mara 14. Kila mara, mkono mmoja wa mama ulikuwa wa mtoto.

Tena, njia yenyewe si ya matembezi ya starehe. Vijana wa Beni hawahitaji kufundishwa nami yaliyotokea tangu Oktoba 2014, wala magari mangapi yameshambuliwa na kuchomwa kati ya Beni na Kasindi. Kwa sababu hiyo tulibishana kwanza kama mtoto aende au abaki. Mama yake alikuwa ameweka nadhiri wakati wa kujifungua, siku ambayo madaktari walikuwa wamekata tamaa, kwamba atampeleka mtoto huyo kwa Mashahidi kwa mikono yake mwenyewe. Nadhiri si kitu cha kuahirisha ovyo, wala si kitu cha kutimiza kwa upofu. Tuliuliza habari za njia kwa wiki tatu. Mwishoni mke wangu alisema neno lililotuongoza katika mengine yote: “Mtoto wa kusafiri njia hii ni yule ninayeweza kukimbia naye.”

Basi tukajaribu. Jumamosi moja binti yetu alimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, akashika mfuko aliokuwa ameutayarisha, na nyanya akamwamuru akimbie kutoka jikoni hadi kwenye lango. Alianza kwa kucheka. Hakufika nusu ya uwanja. Mfuko ulikuwa na nguo za siku 8, viatu jozi tatu, pakiti mbili za pampasi, na mwanasesere mkubwa aliyetoka kwa mama mkubwa wake wa Kinshasa. Alikaa chini kwenye nyasi, mtoto akimpigapiga mgongoni ili wakimbie tena.

Alipoanza kupunguza, kila nguo ilikuwa na mtetezi. Mwishowe akanijia na sababu iliyo kubwa kuliko nguo. “Papa,” alisema, “tukifika Kampala na nguo mbili mbili, watu watadhani sisi ni wakimbizi.”

Ni lazima nieleze ni nani mwingine aliyekuwa uwanjani. Tangu Julai 2024, baada ya Kanyabayonga kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni, tunakaa na mama mmoja kutoka upande ule, na watoto wake wawili. Familia nyingi za Butembo zilifanya hivyo, hakuna cha kujisifia. Saa ile alikuwa amekaa mlangoni akichagua maharagwe. Alisikia neno “wakimbizi” kama sisi sote tulivyolisikia. Binti yetu alilisikia pia, lilipokwisha kumtoka, akainamisha kichwa.

Yule mama hakukasirika. Aliendelea na maharagwe yake kwa muda, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza mapishi: “Mdogo wangu, mimi nilichukua buletini zao za shule.” Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na buletini za watoto wawili, kadi zao za chanjo, kadi za ubatizo, na karatasi ya shamba yenye mhuri. Alikuwa ameondoka usiku. Aliacha mbuzi, aliacha maharagwe yaliyokuwa tayari kuvunwa, aliacha kitanda kipya. Mgongoni mtoto mdogo, kichwani sufuria, mkononi mtoto mkubwa, na kifuani, chini ya nguo, plastiki ile. Kwa buletini hizo watoto waliingia darasa walilostahili mwezi wa Septemba, na hawakurudishwa nyuma mwaka mzima.

Vijana wapendwa, katika mafungo tumezoea kuwasifu maskini kwa wepesi wao. Mimi naomba tuwe waangalifu hapo. Mtu aliyenyang'anywa hakuchagua kusafiri mwepesi, na kumfanya mfano wa kiroho kwa kitu alichoibiwa ni kumwibia mara ya pili. Nilichomsifu mama huyu moyoni ni akili yake. Katika dakika chache, gizani, alijua kipi kitawafaa watoto kesho kutwa. Katika shule ya ualimu tulifundishwa kuandika lengo la somo kwanza na vifaa baadaye, na kila kifaa kisichotumikia lengo kiondolewe. Yeye hakupita shule hiyo.

Binti yetu alitoa nguo tano. Alibaki na gauni moja zuri la siku ya sikukuu, nami sikumkataza, maana kwenye arusi na kwenye Misa ya Mashahidi mtu huvaa. Viatu vikabaki vile vya miguuni na kandambili. Mwanasesere akabaki Butembo akilinda kitanda.

Yaliyosalia nayataja kwa ajili ya wale wanaojiandaa. Kifaa cha kwanza ni kikwembe, na kwa mtoto mdogo chukueni viwili. Sijui kama kuna kitu kingine duniani chenye kazi nyingi kiasi hicho. Ndicho kitanda cha mgongoni, ndicho blanketi la ndani ya gari, ndicho pazia mama anaponyonyesha au anapombadilisha mtoto kati ya watu, ndicho mkeka, ndicho taulo, ndicho kivuli cha jua la saa saba uwanjani Namugongo. Kikilowa usiku, asubuhi kimekauka. Cha pili kinaanza pale cha kwanza kinapochafuka, na kitachafuka. Sweta mtoto aivae, isiingie mfukoni; Butembo ipo zaidi ya mita 1,700 juu na alfajiri ni baridi, lakini ukiteremka bonde la Semuliki joto litakufanya uivue, na hapo itakuwa mto wa kulalia. Chandarua kidogo ni lazima, kwa kuwa mbu wa Kampala si wachache. Pampasi chukueni za njiani tu, zinauzwa kila mahali. Chumvi na sukari pia huuzwa kila mahali, lakini kipimo kiwe kichwani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mtoto anapoharisha. Biskuti kidogo. Kikombe chake mwenyewe, kwa sababu mtoto mgeni hukataa kikombe kigeni, sijui kwa nini.

Hati ziwe kifuani, jinsi tulivyofundishwa mlangoni petu: kadi ya chanjo, hati ya kuzaliwa, hati ya kusafiria, na kama mzazi mmoja anabaki, barua yake yenye sahihi. Fedha zigawanywe kwa watu wawili. Na mimi nilikuwa na bahasha ya nia za sala ambazo watu wa shirika letu waliandika, 43 kwa jumla. Karatasi 43 hazina uzito kwenye mizani. Yaliyoandikwa mengine yalinifanya niifunge bahasha na kutazama dirishani.

Usiku wa mwisho kabla ya safari tulisoma Injili, kama desturi yetu. Nilichagua mahali Bwana Yesu anapowatuma mitume na kuwaambia wasichukue mkate, wala mkoba, wala fedha. Wasomaji makini kati yenu wamekwisha kuona kwamba Mathayo na Luka wanakataza hata fimbo, lakini Marko, katika sura ya 6, anaruhusu fimbo na viatu. Mara nyingi wanafunzi wangu huniuliza nani mkweli. Mimi huwaambia watazame milima yao. Mtu aendaye bila fimbo katika mteremko wa Lubero wakati wa mvua hatafika mahali pa kuhubiri. Nadhani Marko alijua hilo. Agizo lenyewe ni moja kwa wote watatu: msafiri abaki anahitaji mlango wa mtu mwingine. Aliyebeba kila kitu hana sababu ya kubisha hodi, na mitume walitumwa kubisha hodi. Tena Luka, mwenye bidii ya kuandika yote, anasimulia katika sura ya 22 kwamba usiku wa karamu ya mwisho Yesu aliwauliza kama walipungukiwa na kitu safari ile, wakajibu hapana. Papo hapo akawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue. Nyakati hutofautiana, na mfuko hufuata nyakati.

Mke wangu yeye hupenda safari nyingine, ile ya Yosefu aliyeamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda Misri. Familia yenye mtoto mdogo inayovuka mpaka usiku: watu wa Beni hawahitaji picha ya kuielewa. Mathayo hasemi walibeba nini. Mke wangu ana hakika kwamba dhahabu ya mamajusi iliishia huko, kwa chakula na kodi ya nyumba. Maandiko hayasemi, lakini sijapata hoja ya kumpinga. Na binti yetu, aliyekuwa bado na huzuni ya nguo zake, alifurahi nilipomwonyesha Mtume Paulo kifungoni, katika barua ya pili kwa Timotheo, akiomba aletewe koti aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume wa mataifa, anayekaribia kufa, anaona baridi na anataka koti lake. Koti linaruhusiwa.

Kuhusu safari ya kurudi nitasema kwa kifupi, ingawa najua itawachoma baadhi. Butembo ni mji wa biashara. Wazee wetu walitembea hadi Katwe kufuata chumvi, na leo wafanyabiashara wetu wanafika Dubai na Guangzhou. Hilo ni sifa. Lakini kuna wanaokwenda Namugongo na mfuko mtupu kwa sababu wanakusudia kurudi na jozi 60 za viatu. Wepesi huo ni wa kwenda tu. Biashara ipewe safari yake na ushuru wake, kwa sababu mwenye jozi 60 akifika forodhani na rozari shingoni atasema ni vya matumizi ya nyumbani, na hapo hija inaishia kwenye uongo. Siku 12 baada ya sisi kusali Namugongo, tarehe 15 Juni 2025, Kanisa lilimtangaza mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ya kuachilia chakula kilichoharibika kipite, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Umri huo ni wenu. Anayetaka mwombezi wa kuvuka Kasindi kwa dhamiri safi, huyo yupo, tena wa nyumbani.

Sisi nasi hatukurudi wepesi. Asubuhi ya kuondoka, yule mama alituomba kitu kimoja: maji ya Namugongo, yale ambayo mahujaji huchota ziwani karibu na mahali pa ushahidi. Alitupa na bidoni, ya lita 5. Lita 5 za maji ni kilo 5, na nguo zote za mjukuu wetu hazikufika kilo 3. Binti yetu alinitazama kwa jicho la mtu anayengoja kuona sheria ya baba itafanya nini.

Katika sura ya 6 ya barua kwa Wagalatia, Paulo anaagiza tubebeane mizigo, na baada ya mistari michache anasema kwamba kila mtu atabeba mzigo wake. Wanafunzi hudhani amejipinga. Lakini katika Kigiriki alitumia maneno mawili: baros, uzito unaomlemea mtu, na phortion, furushi la kawaida la msafiri. Furushi letu tulikuwa tumelipunguza. Palikuwa na mkono mtupu, na bidoni ikapata mkono huo. Nilimweleza yule mama, kwa kuwa ni kazi yangu kueleza, kwamba maji hayo si dawa wala hirizi, yanatukumbusha ubatizo wetu na damu ya waliouishi hadi mwisho. Alinijibu kwamba anajua, alifundishwa hivyo na katekista wa kwao. Aliyataka kwa ajili ya kunyunyiza nyumba yake siku atakayorudi Kanyabayonga.

Namugongo mtoto alilala wakati wa mahubiri na kuamka wakati wa matoleo, kama Wakristo wengi. Mama yake alimbeba hadi mbele ya kanisa, mikononi mwake, kama alivyoahidi. Tulipokuwa tukirudi, ofisa mmoja wa forodha aliuliza bidoni ina nini. Maji, tulisema. Aliifungua, akainusa kwa muda mrefu akitafuta harufu ya pombe, akatutazama sote mmoja mmoja, akaifunga mwenyewe kwa nguvu.

Ninapoandika haya, bidoni hiyo ipo chini ya kitanda cha yule mama, haijafunguliwa tena. Maji ya bomba yakikatika siku tatu mfululizo, hakuna anayethubutu kuitaja. Juzi nilimwuliza kama, Mungu apishe mbali, ikibidi kukimbia tena, ataweza kuibeba pamoja na sufuria na watoto. Alisema mkubwa ana miaka 9 sasa, naye ameshajaribu kuinyanyua.